Maji ya Kijito Baada ya Dawa

Mwaka ule pamba ya Pundlik ilirefuka kumpita kichwa, na viwavi wakaivamia. Muuza dawa alimchanganyia chupa mbili. Pundlik akajifunga kitambaa puani, akaingia shambani peku, bomba la kupulizia mgongoni.

Saa sita mkewe, Shevanta, alimpelekea mikate ya mtama. Ukingoni mwa shamba akasimama. Ndege saba walikuwa chini ya miche, midomo wazi.

"Baba Mangala!" akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Niko huku. Mbona mawingu yametanda hivi?"

Angani hapakuwa na hata wingu moja. Majani yalikuwa yakidondosha dawa, lakini Shevanta akajipenyeza, akaifuata sauti. Alimkuta mumewe amekaa chini, mate yanamchuruzika, bomba linavuja mgongoni.

"Usinishike, nimelowa."

"Nyamaza. Simama."

Akamvua bomba, akamburuta hadi nje, akammwagia maji yote ya kunywa aliyokuja nayo. Jirani yao Gajanan akawapakia kwenye pikipiki, mgonjwa katikati.

Hospitalini daktari alimfunua jicho. Mboni ilikuwa ndogo kama ncha ya sindano.

"Bomba alikuwa analioshea wapi?" daktari akauliza.

"Kijitoni kando ya shamba, kila anapolijaza tena."

Neno lile lilipomtoka, Shevanta akawakumbuka wanawake wa kijiji cha Pimpri, wanaochota maji upande wa chini wa kijito hicho. Akamwachia Gajanan mgonjwa, akapanda jeepu ya abiria kurudi. Alikimbia ukingoni mwa maji. Samaki walielea, matumbo juu. Pimpri alimkuta bibi mmoja, Yamuna, akijaza mtungi.

"Mwaga hayo, bibi. Yana dawa."

"Mwanangu, tangu asubuhi tunayanywa."

Shevanta akauchukua mtungi, akaumwaga mwenyewe. Kisha wakapita pamoja nyumba kwa nyumba, wakimwaga mitungi. Siku tatu hakulala, kila kikohozi cha mtoto kikimshtua. Watoto walitapika, wakapona. Nyati wawili wa maziwa aliowafuga Yamuna walikufa.

Pundlik alirudi akiona, ila kwa ukungu. Bomba alilifukia. Viwavi walikula nusu ya pamba, naye akavuna iliyobaki.

Yamuna bado huchota kijitoni, kwa kuwa hana pengine. Kila wakikutana, Shevanta humuuliza, "Wajukuu hawajambo, bibi?" Na kabla hajajibiwa, moyo humwenda mbio.