Wiki Sita za Plasta

Ilham aliutambua mguu kabla ya kuutambua msiba. Ulikuwa kwenye simu ya mumewe, mweupe pe kutoka gotini hadi kwenye unyayo, umelazwa juu ya mto wa maua. Na mbele ya plasta vilichungulia vidole vitano vyenye hina, kile cha mwisho kimepinda kama korosho. Kidole hicho alizaliwa nacho. Alikuwa ameiomba simu atafute namba ya dada yake aliyeko Kipini, na Sadik, aliyekuwa akioga uani, alimwambia aichukue mezani bila kuwaza.

Picha ilikuwa kwenye kikundi cha mtandaoni, na chini yake watu walikuwa wameandika. Hawakuandika machafu, na pengine hilo ndilo lililomchoma zaidi. “Kazi safi.” “Umebahatika, ndugu.” Kisha mmoja akauliza: “Mwenyewe anajua?” Na Sadik alimjibu: “Anajua. Amekubali.”

Miaka tisa nyuma, baada ya mafuriko, pikipiki iliteleza na Ilham kwenye tope la barabara ya Garsen, mfupa wa muundi ukavunjika mara mbili. Sadik, mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Ndera, alikuja wodini kumjulia hali mwalimu mwenzake, akamkuta Ilham kitanda cha pili. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Ilham alipotolewa na kwenda kuuguzwa kwa shangazi yake pale pale mjini, Sadik alifika kila alasiri. Hakumgusa. Aliuliza tu kama plasta inabana, kama vidole vina joto, na macho yake yalikuwa na unyevu wa mtu aliye katikati ya dua. Ilham, ambaye hakuwahi kutazamwa hivyo na kiumbe yeyote, alisadiki kwamba Mungu amemvunja mguu ili ampe mume. Posa ililetwa wiki ya tano. Plasta ilitolewa wiki ya sita.

Aliolewa na mtu mwema. Hilo hakulikana hata siku ile ya simu. Lakini macho yale hayakurudi. Alijilaumu kwa mapishi, kwa unene, kwa tumbo lisiloshika mimba. Alifukiza udi, akabadili leso, akangoja. Sadik alimshukuru kwa kila kitu, kwa adabu, kama mgeni anavyomshukuru mwenyeji. Aliyeonja asali hadanganyiki kwa sukari guru.

Sadik alipoingia na taulo begani, aliiona simu mkononi mwa mkewe, akaegemea ukuta.

“Tangu lini, Mwalimu?” Ilham aliuliza.

“Sijui. Nilikuwa mtu mzima nilipogundua kwamba wenzangu hawako hivi.” Alisema akiitazama sakafu. “Wengine damu yao huamshwa na sauti, wengine na mwendo. Yangu huamshwa na plasta. Si maumivu, Ilham. Wallahi sikuyafurahia maumivu yako. Ni ule weupe, na ule utulivu.”

“Ulinipenda mimi, au uliupenda mguu?”

Mwongo angejibu upesi. Sadik alikawia hadi maji ya nywele zake yakadondoka na kufanya doa sakafuni.

“Wakati ule sikujua kutofautisha,” alisema.

Siku tatu Ilham alilala kwenye chumba chake cha cherehani. Siku ya pili alikuta karatasi imepenyezwa chini ya mlango: namba ya simu, jina Kiti, na maneno, *Ukitaka kumuuliza mtu asiye mimi*. Kiti alikuwa mama wa Malindi, msimamizi wa kile kikundi. Ilham alimpigia akiwa amejiandalia matusi.

“Mumeo ameniambia yote, dada, na sitamtetea,” Kiti alisema. “Kanuni yetu ya kwanza ni ruhusa. Yeye alitudanganya sisi, akakuibia wewe. Picha nimeifuta, naye nimemtoa.”

“Nyinyi ni watu gani?”

“Watu tu. Yuko dereva, yuko muuguzi, yuko bibi mwenye wajukuu. Tunaelekezana jinsi ya kufunga plasta bila kuzuia damu kutembea. Zaidi ya hapo tunaongea. Kwa Kiswahili kitu hiki hatuna jina lake. Nilikaa nacho hadi nikafika arobaini, nikidhani Mungu alinikosea mimi peke yangu. Siku nilipompata wa pili, nililia jikoni kama aliyefiwa. Kwa hiyo kumtoa Sadik si jambo dogo. Nilijua ninamrudisha wapi.”

Ilham aliyatafuta matusi yake asiyaone.

Ijumaa, Sadik aliporejea kutoka msikitini, alikuta bendeji za plasta mezani, zingali kwenye mfuko wa duka la dawa.

“Nifunge,” Ilham alisema.

“Usifanye hivi kwa ajili yangu.”

“Si kwa ajili yako. Nataka kuona.”

Sadik alileta beseni la maji vuguvugu. Akazungusha pamba kwanza, kisha bendeji, moja juu ya nyingine, akizilainisha kwa kiganja. Plasta ilianza kupata joto. Ilham hakuutazama mguu, aliutazama uso. Na hapo macho yale yakaja, yale yale, mabichi, kana kwamba miaka tisa ilikuwa chumba cha pili tu. Alikuwa ameyaombea kila sala. Sasa aliyaona yakipita chini ya uso wake, yakienda kwenye plasta, naye akalia bila sauti, machozi yakimwingia shingoni.

Sadik aliinua kichwa. Macho yalimfikia usoni yakiwa bado na unyevu wake. Ilham hakuweza kujua kama ilikuwa tamaa, au haya, au kama hatimaye yalikuwa yamemwona.

“Niitoe?”

“Bado.”

Hodi ilipigwa, na Abdia, jirani wa Kiorma anayewaletea maziwa, alikuwa keshasukuma mlango. Alisimama na galoni yake. Aliutazama mguu, kisha beseni, kisha mikono ya Sadik iliyokuwa myeupe hadi viwikoni. Sadik alifumba macho.

“Ilham, mguu umefanya nini?”

Garsen neno hutoka mlangoni likafika stendi kabla chai haijapoa. Ilham alijifuta shingo.

“Nimeanguka, dada.”

“Pole sana. Lini?”

“Zamani kidogo,” Ilham alisema, akaivuta leso juu ya goti, akanyoosha mkono kupokea maziwa.