Watoto wa Kijani

Niseme mapema, mtu asije akanilaumu katikati ya habari: vile vichupa vya wino niliviosha mimi. Kwa mikono yangu hii, kwa sabuni, Ijumaa asubuhi, kwa sababu vilikuwa vimeganda madoa na mimi uchafu mezani siuwezi. Vile vikaratasi vyenye majina ya rangi vikabanduka vikaenda na maji. Nikasema potelea mbali, rangi si inaonekana kwa macho? Nikavipanga dirishani vikauke na nikajiona mwanamke msafi kuliko wote mtaani.

Biashara yangu iko sebuleni. Printa moja, kompyuta moja, na meza iliyokuwa ya kulia chakula kabla sijaiteka. Nachapa picha, vyeti, kadi za mialiko, na kazi za shule za watoto ambao huzikumbuka asubuhi ya siku ya kuzipeleka. Bei ya katriji mpya inatoa machozi, kwa hiyo wino ukiisha najaza mwenyewe. Unabandua stika ya juu, unakuta vitundu vitatu, kila kimoja na rangi yake: bluu, pinki, njano. Unavuta wino kwa bomba la sindano, unaingiza sindano polepole mpaka iguse sponji ndani, unasukuma taratibu kama mtu anayemnywesha mtoto dawa. Ukiona tone limechungulia juu, acha hapo hapo. Unafuta, unabandika selotepu, unairudisha katriji mahali pake. Ukiwa na papara wino unafurika, unaingia chumba cha jirani yake, na hapo umekwisha.

Mimi nina papara. Baba hana. Ndiyo maana tangu aache kushona nilimkabidhi yeye kazi ya sindano.

Baba ni fundi cherehani, miaka arobaini sasa. Watu walimpa jina la Mstari, kwa sababu mshono wake ukiuwekea rula, rula ndiyo inayoonekana imepinda. Cherehani yake ipo sebuleni hapo hapo, upande wa mlangoni. Enzi za mama kulikuwa na kigoda kando yake, na mama alikaa juu ya hicho kigoda kutwa nzima akimpa baba nyuzi na kumpigia soga. Nilikuwa namfokea. "Mama, sufuria zinakungoja jikoni, wewe uko hapa mnaoneshana mapenzi!" Alikuwa anacheka tu. Haondoki.

Mama alifariki mwaka jana. Miezi miwili baadaye akaja mlinzi mmoja kavimba kwa hasira, suruali yake ya kazi mkononi. Suruali ya kijani, na pindo baba alikuwa amelishona kwa uzi mwekundu wa kupiga kelele. Wenzake walimcheka lindo zima. Baba akaomba radhi, akamrudishia pesa yake, na jioni ile ile akaifunika cherehani kwa shuka. "Macho yamechoka," akasema. Nikampeleka kwa daktari wa macho. Akasoma herufi zote mpaka zile ndogo kama chawa, daktari akasema angetamani kumwazima macho hayo. Tukarudi nyumbani, shuka ikabaki pale pale. Nikajua ni majonzi, nikanyamaza. Na mimi kunyamaza si jambo dogo, waulizeni majirani.

Sasa wiki ile baba akaniambia ameiuza. Mshona mapazia wa barabara ya pili angekuja Jumamosi saa kumi jioni kuichukua.

"Baba, usiuze."

"Nimeshampa neno langu."

Niliumia, nisiwadanganye. Tangu siku ya suruali baba alikuwa anapungua mbele ya macho yangu. Anaamka, anakaa, anauliza saa ngapi, analala. Nilijua siku cherehani itakapovuka ule mlango, hatakuwa na kitu tena cha kumtoa kitandani, na mimi nitabaki namtazama akizimika. Nikambembeleza. Nikamfokea. Nikamnunia siku mbili. Wapi!

Jumamosi asubuhi nilikuwa na oda ya mwalimu wa chekechea: nakala ishirini na nne za picha ya darasa lake, moja kwa kila mtoto, azipitie jioni. Katriji ya rangi ilikuwa imekauka, na mimi nilitakiwa kukimbilia mjini kufuata karatasi nyingine kabla duka halijafungwa.

"Baba, nijazie hii, kisha bonyeza hapa, zitatoka zenyewe."

"Vichupa viko wapi?"

"Dirishani. Vinang'aa hivyo!"

Alisema kitu kingine nikiwa tayari nje. Sikusimama kusikiliza.

Nilirudi saa saba, jasho linanitiririka. Picha zilikuwa mezani, zimepangwa kona kwa kona, na baba ameketi kando yake anatabasamu. Anatabasamu! Nilikuwa nimesahau ana meno.

"Zimetoka safi kabisa, mwanangu. Hebu tazama."

Nikatazama. Jamani. Watoto ishirini na nne, wote kijani. Tena kijani cha mjusi, meno yao meupe yamewatoka kwa furaha, wamesimama kwenye nyasi nyekundu kama bucha, na juu yao anga la pinki. Mwalimu wao yuko katikati, kijani kuliko wote.

"Baba! Umewageuza watoto wa watu mijusi!"

"Kwani wana nini?"

"Wana nini? Baba, usinitanie, mwenye picha anakuja!"

"Sikutanii." Akaichukua ya juu, akaisogeza dirishani. "Huyu wa mbele kafumba jicho. Ni huyo?"

Kichwa kilikuwa kimeshapata moto, nimevuta pumzi niendelee, nikaona uso wake. Hakuwa anatania. Alikuwa anaitazama picha, kisha ananitazama mimi, kisha anarudi kwenye picha, anatafuta usoni kwangu kosa liko wapi.

"Baba," nikasema polepole, "hizo nyasi ni rangi gani?"

"Nyasi ni kijani."

"Na uso wa mwalimu?"

Akairudisha picha juu ya nyingine, akazinyoosha kona, ingawa zilikuwa zimenyooka.

"Njano niliijua," akasema. "Hizo mbili nyingine nilibahatisha. Zamani nilikuwa nasoma karatasi zake. Nilikuuliza ukiwa mlangoni, ukawa umeshakwenda."

Nikakaa chini. Nilikaa juu ya boksi la karatasi, likabonyea, sikujali.

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe. Nyekundu na kijani, kwangu mimi ni mtu mmoja. Na kuna bluu nyingine na pinki nyingine, zote zinanichezea."

"Na mama alijua?"

"Alijua wiki ya kwanza." Akacheka kidogo puani. "Nilimshonea gauni la ndoa mpya, mwenyewe nimejivuna. Kumbe mkono mmoja nimeweka kijani, wa pili nimeweka nyekundu. Akalivaa. Akaenda nalo sokoni, akapita katikati ya watu wote, akarudi, akalivua, akalikunja vizuri. Ndipo akaniambia. Kesho yake akaleta kigoda."

Basi nikalia. Sikulia kistaarabu, nililia kwa kamasi, nikajifuta kwa zile tishu za kufutia wino nikajipaka pinki mpaka shavuni. Nilimlilia mama, na nilijililia mimi na mdomo wangu. Miaka yote ile! Sufuria, mama, sufuria! Kumbe mama alikuwa kazini.

"Nimemsema sana, baba."

"Alikuwa anafurahi ukimsema. Alijua bado hujashtuka."

"Na mimi kwa nini hukuniambia? Baada ya yule mlinzi?"

"Nani atampa kitambaa fundi asiyejua nyekundu?" Akanitazama. "Na wewe, mwanangu, unao mdomo."

Hapo hakunionea.

"Basi sasa nimejua. Mpigie simu mtu wa mapazia asije."

Akatikisa kichwa. "Nimeshatoa neno. Na halafu mwanangu, tusidanganyane. Mama yako ndiye aliyekuwa fundi. Mimi nilikuwa nakanyaga pedali."

Nilikuwa na majibu mia. Sikutoa hata moja, kwa sababu niliona nikisema neno atafunga mlango wa moyo wake kama alivyofunga wa kazi. Nikainuka. Nikaifungua katriji ya akiba, ile niliyokuwa nimeificha kwa siku ya kufa kupona, nikaiweka kwenye printa na kuanza kuchapa watoto upya. Walitoka kahawia, salama salimini, nyasi zao kijani. Baba alikuwa ameshaitoa shuka na anaipangusa cherehani kwa kitambaa kikavu, kila kona, mpaka chini ya meza yake. Sikuweza kumwangalia.

Saa kumi kamili mshona mapazia akabisha hodi. Mtu mnene, mchangamfu, mkokoteni ameuacha nje, begani kabeba pazia zito.

"Shikamoo mzee Mstari!"

"Marahaba, karibu. Ndiyo hiyo."

Mgeni akaizunguka cherehani, akaigonga, akainama kuchungulia mkanda wake. "Nzuri. Sasa mzee, nisaidie kitu kimoja. Nipigie pindo la hili pazia kidogo tu, niisikie inavyokwenda. Usinichukie, ni desturi yangu tu."

Baba akakaa. Akalipokea pazia, akalikunja ukingo kwa vidole viwili, na vile vidole vikajua vyenyewe pa kwenda. Akavuta sanduku la nyuzi, lile ambalo mpangilio wake aliujua mama peke yake. Mkono wake ukafika juu ya nyuzi ukasimama.

Nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Ulimi ulikuwa unaniwasha. Ningeweza kukohoa, ningeweza kupita kama natafuta mkasi nikamsogezea uzi wenyewe, na mgeni asingejua kitu. Lakini niliona kwamba nikifanya hivyo, nitakuwa nimeificha aibu yake pamoja naye, na cherehani itaondoka vile vile. Nikaing'ang'ania meza ya printa kwa mikono miwili. Printa ikatema mtoto mmoja, ikatema wa pili.

"Mzee, kuna tatizo?" mgeni akauliza.

Baba akashusha pumzi. Hakugeuka.

"Mwanangu," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeuliza saa, "hebu niambie, hili pazia ni rangi gani?"

"Kijani, baba. Kijani kilichoiva." Nilishangaa sauti yangu imetoka nzima. "Uzi wake ni wa tatu kutoka kushoto, mstari wa juu."

Mgeni akamtazama baba, akanitazama mimi, akalitazama pazia lake. "Mzee, ina maana wewe hu..."

"Sijui rangi," baba akasema, huku anatunga uzi. "Sijawahi kujua. Sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Akakanyaga pedali.

Sikuwa nimesikia mlio ule kwa miezi mingapi! Nywele zilinisimama. Pazia likaanza kupita chini ya sindano, pindo linatoka upande wa pili limenyooka, limenyooka kweli kweli, na baba mgongo umemnyooka nalo. Alifika mwisho wa ukingo wa kwanza. Mgeni akasema, "Inatosha mzee, nimeridhika." Baba akaligeuza pazia, akaanza ukingo wa pili. "Mzee, nimesema nimeridhika." Ukingo wa tatu. Mgeni akatafuta pa kukaa, akakaa.

Nikaacha kuchapa. Nilikuwa nimesimama na picha mkononi kama mjinga, machozi yananitoka, na nacheka.

Alipomaliza, baba akakata uzi kwa meno, akalikunja pazia mara nne, akamkabidhi mwenyewe. Mgeni akalipitisha pindo vidoleni kutoka mwanzo mpaka mwisho, hakupata pa kulaumu.

"Sasa, mzee," akasema, kwa sauti ya chini, ya mtu aliyeshaanza kuelewa, "na cherehani?"

Baba alikuwa ameinama anaondoa vipande vya uzi kwenye meza.

"Jumatatu niletee mapazia mengine," akamjibu. "Na ukifika tu hapo mlangoni, useme kwanza ni rangi gani."