Baiskeli Isiyo na Breki

Mboni alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, na baiskeli ya umeme aliyopewa na mradi ndiyo iliyompandisha na kumshusha vilima vyote vya juu ya Sudi. Kila asubuhi aliikagua kabla ya kuondoka: alibonya tairi, akatikisa usukani, akakaza nati zilizolegea, kisha akaminya breki. Asubuhi ile breki ya mbele ilizama mpaka ikagusa usukani. Mafuta yake yalikuwa yanavuja. Akachungulia ya nyuma. Pedi za breki zilikuwa zimelika hadi kwenye chuma. Akazichomoa, akaingia ndani kutafuta mpya.

Hakukumbuka alikoziweka. Alipekua kabati, akapekua mkoba wa kazi, akazikuta ndani ya kopo la nyuzi. Alipotoka, uwanja ulikuwa mtupu.

Jirani yake Zakia alinyoosha ufagio kuelekea barabarani. "Mkweo kaichukua. Kasema anafika Sudi mara moja, kumjulia hali dada yake."

Mzee Abilahi, baba wa mumewe, hakuwa mtu wa kuomba ruhusa pale nyumbani, na tangu aolewe Mboni hajapata kumpinga. Akampigia simu. Ikaita chumbani kwa mzee.

Alikimbia hadi njia panda, akarukia pikipiki ya Anthony wa bodaboda.

"Mteremko wa Sudi! Haraka!"

Walipoanza kushuka akampiga begani. "Polepole, nitazame vichakani." Hatua chache tu, akampiga tena. "Ongeza basi!"

"Dada, nishike lipi?"

Macho ya Mboni yalikuwa yanaruka kutoka mkorosho hadi mkorosho. Alimwona mzee kwenye kila gogo, kwenye kila kivuli. Mbona alikwenda ndani bila kuchomoa ufunguo? Mbona hakupaza sauti tu kwamba haina breki?

Kwenye kona, alama ya tairi ilikuwa imetoka barabarani na kuingia shamba la mihogo. Aliruka kabla pikipiki haijasimama.

Mzee alikuwa ameketi kwenye tuta, kofia mapajani, ndala moja mguuni. Baiskeli ilikuwa imelala chali, magurudumu juu.

"Shikamoo, baba," alisema Mboni, akihema.

"Marahaba. Breki zako zimekwenda wapi, mwanangu?"

Mboni akafumbua kiganja. Pedi mpya zilikuwamo, zingali kwenye nailoni, zimemwachia alama nyekundu. Alitaka kucheka, machozi yakatangulia. Akapiga magoti, akambonya kifundo cha mguu. Kilikuwa kimevimba. Mkono ulichubuka tu.

"Nilitanguliza miguu nikaona haitoshi, nikaifuata mihogo," alisema mzee. "Sasa zifunge hizo, nifike kwa dada yangu."

"Ya mbele inavuja, baba. Haipandwi mpaka fundi aitazame. Na wewe unakwenda zahanati."

"Sudi kwanza."

"Hapana."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Mzee akainua uso.

"Unanikataza?"

"Nakukataza, baba."

Mzee akavaa kofia, akamnyooshea Anthony mkono anyanyuliwe.

"Umesikia mwenyewe," alimwambia. "Nimekatazwa. Twende zahanati."