Amri Ilisema Nyumbani

Kosa lilikuwa la msusi mwenyewe, na alilifanya kwa mdomo wake mbele ya hakimu. Kesi ya talaka ilikuwa bado inajikokota, na hakimu alikuwa ameamuru mumewe amlipe matunzo kila tarehe tano mpaka hukumu itoke. Akamuuliza angependa kuzipokelea wapi hela hizo, dirishani pale mahakamani au kwingine? Sasa, kwenye lile dirisha hupanga foleni wanawake ambao nusu yao husuka kwake, na msusi anajua vizuri habari husafiri vipi kutoka kichwa hadi kichwa, maana yeye ndiye stendi kuu ya safari hizo. Aibu ikamshika.

"Aniletee nyumbani, mheshimiwa," akasema. Ikaandikwa hivyo hivyo.

Hakuna aliyekumbuka kwamba mume ni fundi wa kufuli. Mtaani walimwita Bwana Funguo: mtu mpole, hapandishi sauti, na kufuli iliyowagomea watu wote kwake hufunguka kama imeitwa kula.

Mwezi wa kwanza msusi alirudi kutoka saluni, akafungua mlango alioufunga mwenyewe asubuhi, akakuta bahasha mezani. Hela kamili. Pembeni kulikuwa na stakabadhi ya kusaini na kalamu iliyokwisha kutolewa kifuniko, asije akahangaika. Mwezi wa pili alikuwa amebadilisha kitasa. Bahasha ilikuwa jikoni, imeegemezwa kwenye sufuria. Wa tatu alinunua kitasa cha bei ya kuumiza tumbo, na bahasha ikawa juu ya mto, upande anaolala. Stakabadhi alisaini, maana asiposaini ataonekana anakataa matunzo. Siku mbili baadaye ilikuwa imeshachukuliwa.

Dada yake mkubwa alipoambiwa alicheka, akasema wenzake wanakimbizana na waume kudai hela, yeye analetewa mpaka kitandani. Kisha akauona uso wa mdogo wake, akanyamaza, jambo ambalo kwake si la kila mwaka.

Karani wa mahakama alimsikiliza msusi kope zimemlegea.

"Mama, analipa?"

"Analipa."

"Kwa wakati?"

"Kwa wakati."

"Sasa unalalamikia nini?"

Msusi akaomba arudishwe mbele ya hakimu. Safari hii aibu aliiacha nyumbani. Wateja wake watatu walikuwa benchi la nyuma, masikio wameyasimamisha, naye akaeleza habari ya mto bila kupunguza kitu. Bwana Funguo aliposimama kujibu, alifunga kwanza vifungo vya koti. Akasema yeye ametii amri kama ilivyoandikwa. Mke anashinda kazini, na hela za mahakama hazitupwi mlangoni. Wakitaka alipe dirishani, hana neno. Hakimu akabadilisha amri, akamwonya asikanyage tena kwa mkewe. Bwana Funguo akainama kwa adabu. Walipopishana mlangoni alimnong'oneza mkewe, "Kile kitasa cha mwisho walikuzidishia bei."

Kutoka hapo msusi alipitia kwa seremala, akaenda naye nyumbani. Likafungwa komeo la chuma kwa ndani, nene kama kidole gumba, lisilo na tundu la ufunguo popote. Seremala alijisifu kwamba hapo hata mwizi mwenye cheti atarudi kwao. Alipoondoka, msusi akalisukuma, likaingia kwa mlio wa kushiba. Akavua viatu, akakaa katikati ya chumba chake, akala mkate mkavu kwa raha kama yuko harusini.

Jua lilikuwa bado linawaka dirishani aliposikia ufunguo ukiingia kwenye kitasa. Ukazunguka, laini. Mlango haukusogea. Akasubiri kusikia hatua zikiteremka ngazi. Hazikuteremka. Badala yake vidole vilianza kugonga mbao kutoka juu kwenda chini, taratibu, kama daktari anayepima kifua, mpaka vikafika usawa wa komeo. Vikatulia.

"Komeo," Bwana Funguo akasema, kwa sauti ile ile ya mahakamani. "Umefanya vizuri, mke wangu. Hili siliwezi."

Msusi alibana pumzi, mkate mdomoni.

"Ila hili hufungwa na aliye ndani tu. Sasa kesho kazini utaendaje?"

Kisha mlango ukalia kidogo, kama mtu ameketi chini akauegemea kwa mgongo.