Kwelea Juu ya Simba

Maharage ndiyo yaliyoleta kesi. Kila Jumapili mchana wanaume wanne walikaa kuzunguka meza ya Boniface, pale Mabwerebwere mjini Kilosa, wakacheza poka, na badala ya hela wakawekeana maharage. Hela haikuruhusiwa. Mzee Yeremia, mstaafu wa reli na mzee wa kanisa, alisema kamari ni dhambi. Mudi, anayelima mpunga Mvumi, alisema kwao ni haramu. Wawili hao hawajawahi kukubaliana haraka namna hiyo juu ya kitu kingine chochote. Chakula kikiiva mchezo unakwisha, na mwenye rundo kubwa anakula firigisi ya kuku wa siku hiyo.

Usidhani firigisi ni jambo dogo. Katika nyumba nyingi za huku firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na mwanamke anayeipika kazi yake ni kuipika tu. Yusta, mke wa Boniface, ambaye mtaani wanamwita Mama Agatha, alikuwa amezitoa firigisi nyingi kwenye sufuria na kuziweka juu kabisa ya bakuli, zing'ae, halafu akarudi jikoni. Hajawahi kuonja hata moja. Kuku alichinjwa na Mudi ili wote waweze kula, akanyonyolewa na Yusta, akapikwa na Yusta, na firigisi ikaenda kwa mtu aliyeshinda amekaa na karata mkononi. Wewe ungejisikiaje?

Yusta alitaka kiti. Hilo tu, na alilitaka kwa moyo wote. Kutoka mlango wa jikoni alikuwa ameutazama mchezo ule mpaka akaujua kuliko mumewe, ambaye akipata karata nzuri masikio yanamcheza. Lakini kila alipogusia habari ya kukaa mezani, Boniface alikuwa na jibu lake lilelile.

"Sasa wewe ukikaa, nani apike?"

Jumapili ya kesi, Mzee Yeremia alikuwa amebakiwa na maharage ya kuhesabika. Mara akawa na rundo. Mudi akanyoosha shingo, akaokota punje moja ya njano katikati ya zile nyekundu, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mzee, samahani. Sisi tulianza na mekundu. Haya ya njano yametoka wapi?"

Mzee Yeremia aliyatazama kwa utulivu. "Yatakuwa yameiva," akasema.

Nyumba ikalipuka kwa kicheko na kelele. Ikaonekana mzee alikuwa ametoka shambani kwake Kisanga na maharage mfukoni mwa koti, na akaapa kwamba alitia mkono akitafuta kitambaa cha kufutia jasho. Wakati wanabishana, kuku aliyekuwa anangoja zamu yake ya Jumapili nyingine aliruka mezani akadonoa rundo zima la Goodhope, mchezaji wa nne.

Goodhope hakucheka. Yeye ni dereva wa watalii katika hoteli moja Mikumi, na ndiye aliyejifunza poka kwa wageni akaileta Kilosa, jambo ambalo hakuwahi kuacha Jumapili ipite bila kulikumbusha.

"Aibu hii," alisema, akifukuza kuku kwa kofia. "Wenzetu wana kete za maana. Nzito, zina michoro, zimetengenezwa kwa ajili ya meza yao tu. Huwezi kuja nazo mfukoni kutoka shamba." Akamtupia mzee jicho, mzee akatazama dari.

"Nitawatengenezea mimi," akasema Yusta kutoka mlangoni.

Hawakuwa na sababu ya kumkatalia. Baba yake Yusta alikuwa mchonga miiko, na tangu msichana Yusta ndiye aliyeitia nakshi kwa msumari wa moto. Mpaka leo anauza miiko sokoni, na mtu wa Kilosa akiuona mchoro wake anautambua.

"Utatudai nini, shemeji?" aliuliza Mudi.

"Kiti."

Wakacheka. Boniface akafungua mdomo kuuliza swali lake, lakini Yusta alikuwa amejiandaa. "Atakayetolewa wa kwanza ndiye aende jikoni," alisema.

Mzee Yeremia, ambaye alitamani habari ya maharage isahaulike upesi, alidakia. "Hoja nzuri. Lakini kete zikubaliwe na wote. Akikataa hata mmoja, hakuna kiti." Wakakubaliana hivyo.

Yusta alikata tawi la mpera, maana mpera ni mti mgumu na haukatai kung'aa. Akalichana kwa msumeno vipande vyembamba vya duara, akavikausha kivulini visipasuke, akavipiga msasa, akavipaka mafuta. Kwanza alichoma namba. Zikatoka kete zinazofanana na vifungo vya koti la mgambo, akazitupa motoni. Ndipo akafikiria wanyama. Mtu aliyezaliwa kati ya Kilosa na Mikumi hahitaji kufundishwa wanyama. Akachagua wanne: simba, nyani, tembo na kwelea, yule ndege mdogo anayeshuka mashambani kwa makundi. Tembo alimtoa kwa urahisi. Simba wa kwanza alitoka anafanana na Mzee Yeremia akisinzia kwenye mahubiri, na Yusta alicheka peke yake hadi msumari ukapoa.

Kila alipomaliza kete aliiangusha mezani asikie inavyolia. Ilikuwa raha. Usiku alilala mikono inanuka moshi, akijiona tayari amekaa.

Kumbe kazi ilikuwa bado. Jumapili iliyofuata aliwamwagia kete mezani, wakazishika, wakazisifu, halafu Mudi akauliza: "Sasa mkubwa wao ni nani?"

Goodhope siku hiyo alikuwa kazini, wakampigia simu na kumweka sauti ya juu. "Mnauliza nini?" alisema. "Simba! Wageni wanavuka bahari kumwona simba. Nani amewahi kutoka Ulaya kuja kumtazama kwelea?" Mtandao ukakatika.

"Simba!" Mzee Yeremia alisema kwa dharau. "Mimi nalima Kisanga tangu nimestaafu. Simba hajawahi kula hindi langu hata moja. Huyo ni wa kupigwa picha. Mkubwa ni tembo. Mwaka juzi aliingia usiku mmoja, asubuhi nikakuta nyayo na mabua."

"Tembo unamfukuza kwa kugonga debe, anaondoka," alisema Mudi. "Kwelea utawafukuza kwa debe gani? Wakitua kwenye mpunga ni mwisho."

"Ndege wa kutosha kiganjani umlinganishe na tembo?"

"Wewe hujawahi kulima mpunga, mzee!"

"Na wewe hujawahi kukanyagiwa shamba!"

Sauti zikapanda. Mudi akasimama, akasema kwelea asipokuwa juu, yeye kete hizo hazitaki. Mzee akasema tembo asipokuwa juu, na yeye vilevile. Yusta alikiona kiti chake kinarudishwa ukutani. Roho ikamuuma, lakini hakupandisha sauti.

"Mzee," alisema, "tembo alipomaliza mahindi, ulikwenda wapi?"

"Serikali ya kijiji. Wakaniandikisha, akaja bwana mmoja na futi kupima shamba. Kifuta jasho, ile pole ya serikali, kilichelewa, lakini kilikuja."

"Na wewe shemeji Mudi, kwelea walipomaliza mpunga, alikuja nani?"

Mudi alifikiri. "Alikuja mama mkwe," akasema taratibu. "Kufuata gunia la mchele nililomwahidi."

Mzee Yeremia alimtazama, akajaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akatoa kile kitambaa cha mfukoni, na safari hii kweli kilikuwepo. "Haya, haya," alisema akifuta macho. "Kwelea awe juu. Tembo angalau ana adabu ya kuacha nyayo."

Ikawa hivyo. Kwelea mmoja sawa na simba ishirini. Chini ya kwelea tembo, chini ya tembo nyani, na chini kabisa simba, kwa kuwa hajamkosea mtu. Boniface alikubali kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Akabaki Goodhope.

Goodhope alifika Jumapili ya pili yake, simu sikioni, anacheka na mtu wa huko hotelini. Yusta alimwekea fungu lake: simba tele, nyani na tembo kiasi, kwelea wachache.

"Shemeji, mpangilio ni huu. Kwelea ndiye mkubwa..."

"Sawa, shemeji, sawa," alisema Goodhope, akiziba simu kwa kiganja. Akaokota kete moja, akaigonga mezani, akaitegea sikio. "Zinalia vizuri! Nimezikubali." Akarudi kwenye simu.

Wote wanne walikuwa wamekubali. Yusta alivuta kiti akakaa.

Boniface alitolewa wa kwanza. Alipata karata nzuri, masikio yakacheza, Yusta akakunja zake, akajitoa raundi hiyo. Alipata mbaya, masikio yakatulia, Yusta akamkamua. Muda si muda akasimama hana hata simba mmoja, akajifunga kanga ya mkewe kiunoni, akaingia jikoni.

"Mama Agatha, chumvi iko wapi?"

"Ilipo siku zote."

Makopo yakagongana. "Siku zote iko wapi?"

Goodhope naye alikuwa na siku ngumu kwa namna yake. Kila raundi alimwona Mudi anatupa simba watatu, mzee anatupa simba wanne, na kila mara alitikisa kichwa akakunja karata zake. Alijisemea hawa watu wamepata ujasiri wa ajabu. Simba wake aliwarundika karibu na tumbo, akawakinga kwa mkono.

Kisha akapata karata anazozipenda. Alizitazama mara mbili, akajikohoza, na kwa vidole viwili akasukuma katikati kwelea wake wote.

Mudi alikunja karata zake papo hapo. Mzee Yeremia alisita. "Goodhope, mwanangu. Hao ni kwelea."

"Nawaona, mzee. Ni ndege tu. Tuchangamshe mchezo."

Mzee akakunja zake, akatazama dari.

Akabaki Yusta. Mkononi alikuwa na saba tatu, karata nzuri, si za kutisha. Ili aendelee ilimbidi aweke karibu kila alichokuwa nacho, na akishindwa, kiti chake kitakuwa kimedumu mchana mmoja. Mtu anayetupa kwelea wote ana karata kubwa mno, au anajua jambo. Alimtazama Goodhope usoni, hakuona kitu. Akatazama mikono yake. Mkono mmoja ulikuwa bado umewakumbatia simba kama mtoto wa kuachishwa ziwa.

Yusta akaelewa. Alimwonea huruma kidogo.

"Shemeji," aliuliza, "nilikueleza mpangilio?"

"Ulinieleza, shemeji. Cheza."

Akasukuma kete zake katikati. Goodhope akatabasamu, akafunua wafalme wawili. Yusta akafunua saba tatu, moja baada ya nyingine.

"Hongera," alisema Goodhope, hata hakuumia. "Wachukue tu hao ndege. Simba wangu wote ninao."

Mudi aliinamisha uso mezani, mabega yakawa yanatikisika. Mzee Yeremia alianza kumweleza Goodhope taratibu, kwa sauti ya msiba: kwelea, kisha tembo, kisha nyani. Goodhope alisikiliza, akatazama rundo la Yusta, akatazama simba wake. Akawasukuma polepole mpaka katikati ya meza.

"Yaani muda wote ule," alisema, "nilikuwa namwogopa simba?"

"Na wewe ndiye dereva wa hifadhi," Mudi alisema, akijifuta machozi. Hapo Goodhope mwenyewe akacheka kuliko wote.

Boniface alitoka jikoni na bakuli, jasho likimtiririka, kanga imemlegea. Juu kabisa ya nyama kulikuwa na firigisi. Miguu yake ilimpeleka kwa mazoea upande wa Mzee Yeremia, akasimama nusu ya njia, akaona rundo lilipo. Alimtazama mkewe kwa muda. Kisha akaja akaliweka bakuli mbele yake.

"Karibu, Mama Agatha."

Yusta alinawa. Aliichukua firigisi kwa vidole, akauma. Boniface alikuwa ameitoa motoni mapema, kwa hiyo alitafuna, akaendelea kutafuna, na wanaume wote wanne walimtazama mdomo kama wanaongoja matokeo ya mtihani. Alikuwa na furaha mpaka macho yakamwasha. Akameza.

"Ndiyo hii tu?" akauliza.

Mzee Yeremia akatazama dari.

Yusta akavuta kiti chake karibu zaidi na meza, akaanza kupanga kwelea wake mmoja juu ya mwingine.

"Jumapili ijayo nitaila tena," alisema, "nihakikishe."