Hiace Iliyoinamishwa

Zamani, Agnela akipanda tu ile Hiace yao kuukuu, nyuma inashuka, naye anaangua kicheko: "Umeona? Hata gari linaniamkia!" Mumewe, Elihuruma, ndiye aliyemfungia kochi jekundu kule nyuma, na alijivunia mke mwenye uzito wake.

Kisha ugonjwa ukamla Agnela, ukambakiza mifupa. Siku moja akapanda kwenda hospitali, na gari halikutikisika hata kidogo. Machozi yakamdondoka mpaka mjini.

Elihuruma alirudi gerejini kwake, mtaa wa Sakina, na hasira ya kumpiga mtu. Angempiga nani? Akaingia uvunguni mwa gari, akachomoa pati, vile vyuma bapa vya springi za nyuma, moja baada ya nyingine, mpaka gari likainama na kulegea kama godoro. Mafundi wenzake walidhani anataka gari la mapozi, kama vijana. Akawafokea wamwache, wapumbavu wakubwa.

Safari iliyofuata alimshika mkewe mkono, akampandisha. Gari likashuka taratibu, kama zamani.

"Umeona?" akasema. "Bado linakuamkia."

Agnela akatabasamu, akalipapasa kochi lake. Hakuwa mgeni wa springi. Alikuwa mke wa fundi tangu usichana wake.

"Ahsante, Baba Ndesanjo," alisema. "Ila siku ya kunipeleka nyumbani Olmotonyi, uzirudishe zile pati. Ile njia ina mawe, na mtakaa wengi huku nyuma kushikilia jeneza langu."