Video ya Joëlle na Haki ya Mutani

Mimi njo yule mama wa kwenye video, anayeanika ndagala huku akisimulia habari za bwana aliyeoa wake wawili wenye jina moja. Mujukuu wangu Joëlle alinipiga video hiyo pale ufukweni, akaandika jina lake pembeni, akaiweka kwenye mtandao. Kalemie ilicheka, na Kigoma ng'ambo ya ziwa ikacheka.

Kisha Ruphin, mwenye duka la redio karibu na bandari, akaichukua. Alikata ile pembe yenye jina la Joëlle, akabandika la duka lake, na yake ikapendwa kuliko yetu. Sasa watu wakawa wanamwambia Joëlle eti yeye njo mwizi. Mutoto anataka kuishi kwa kazi ya video. Nani atamwita apige video ya ndoa akiwa na sifa hiyo?

Joëlle akafungua fomu ya kuomba video ya Ruphin iondolewe. Iliuliza jina letu, ya kwetu iko wapi, ya kwake iko wapi. Tulijaza bila shida. Mwishoni ikamtaka aape kwamba aliyeichukua hakuwa na ruhusa.

"Hapo usiape," nikamwambia. "Ruphin ni mutani wetu."

Ukoo wao na wetu tumetaniana tangu mababu. Mutani anaingia jikoni kwako, anabeba sufuria ya bugali na mboga yake, na wewe unacheka tu. Ruhusa amezaliwa nayo.

"Bibi, mtandao haujui mambo ya utani."

"Mungu anayajua. Na mimi pia ni mutani wa Ruphin. Vaa viatu."

Dukani nilisalimia vizuri, nikauliza hali ya mama yake, kisha nikamtwisha Joëlle lile bafle kubwa linalopiga muziki mlangoni. Wateja walicheka. Ruphin naye alicheka, mpaka tulipovuka barabara.

"Mama Victorine, hilo ni la kazi," akatufuata.

"Na video ilikuwa ya nini, ya kufukuzia nzi?"

Alitoa simu, akaifuta ile video mbele yetu, akaandika kwenye ukurasa wa duka kwamba aliyeipiga ni Joëlle. Joëlle alisoma polepole, akatabasamu. Mama mmoja mteja akamwomba namba; binti yake anaolewa.

Bafle sikulirudisha siku ile. Majirani walikuwa wanataka kucheza kidogo.